Barua ya Radhi Iliyofika Mapema

Kuna nchi moja ambayo haipakani na yetu wala haifanani nayo hata kidogo, kwa hiyo msomaji asihangaike kuchungulia dirishani. Nchi hiyo ilikuwa na haki nyingi kuliko ilivyozihitaji. Ilikuwa na Wizara ya Haki, Mnara wa Haki na Barabara ya Haki, ambayo ilikuwa na mashimo. Nyuma ya gereza kuu kulikuwa na chumba chenye boriti na kamba, nacho kwa heshima kiliitwa Chumba cha Kuhitimisha. Hakuna aliyenyongwa katika nchi ile. Watu walihitimishwa tu.

Kila mwaka Waziri wa Haki, Mheshimiwa Kijumbe, alilieleza Bunge kwamba kunyonga kunawatia wauaji hofu. Katika hotuba hiyohiyo alieleza kwamba mauaji yameongezeka, na akaomba kamba ziongezwe. Wabunge walipiga makofi mara zote mbili. Wataalamu nao waligundua kwamba kwa miaka thelathini hajanyongwa hata mtu mmoja mwenye wakili wake mwenyewe. Wakasema ni sadfa, nasi tunawaamini, maana wao ndio waliosoma.

Lakini tusiionee nchi ya watu. Ilikubali kwamba mara mojamoja hunyongwa mtu asiye na kosa, na kwa ajili hiyo ikaanzisha Idara ya Radhi, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo. Humo ndimo alimofanya kazi Kassimu Tindwa, karani wa radhi daraja la kwanza.

Zamani Tindwa alikuwa mwandishi wa barua nje ya posta. Aliwaandikia wasiojua kusoma barua za kuposa, za kudai mahari na za kuwasema wakwe bila kuwatukana, na sifa zake zikafika wizarani. Kazi yake mpya ilikuwa nyepesi zaidi. Mtukufu Rais ana shughuli nyingi, kwa hiyo barua za radhi za mwaka mzima alizitia saini Januari, mia mbili kwa mkupuo mmoja, na makosa yakafuata baadaye. Maneno yalikuwa yamekwisha kuchapwa: "Mimi, Rais wenu, naomba radhi kwa kuhitimishwa kwa marehemu fulani, tarehe fulani, ambaye imethibitika hakuwa na hatia." Tindwa alijaza jina, tarehe na jina la familia inayoombwa radhi, kisha katika mistari mitano ya chini akaongeza kitu ambacho kanuni ziliita mguso wa kibinadamu. Kwamba marehemu alipenda kuimba, kwa mfano, au alikuwa hodari wa bao. Familia zililia sana ziliposoma mistari ile, na Tindwa alikuwa akijivunia machozi hayo. Kwa miaka kumi na moja alilala usingizi mzuri.

*

Mwanzoni mwa mwezi mmoja lilifika mezani kwake jalada la Lupembe Saidi, fundi baiskeli, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua muuza mkaa aitwaye Mponda. Ushahidi ulikuwa mmoja na ulitosha: Mponda alitoweka, na baiskeli yake ikakutwa kwa Lupembe. Lupembe aliieleza mahakama kwamba yeye ni fundi baiskeli, na baiskeli za watu huwa zinakutwa kwake. Jaji akasema hajawahi kusikia utetezi hafifu namna ile.

Sasa Mponda alikuwa amerudi. Kumbe alikwenda machimboni, akaoa mke wa pili, akanogewa, na baada ya miaka minne akaja kituo cha polisi kuulizia baiskeli yake. Polisi walimweleza kwa upole kwamba yeye amekwisha kufa, na baiskeli ni kielelezo namba moja. Alipobisha wakamtaka alete cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba yuko hai, naye akakileta. Basi Ofisi ya Mapitio ikathibitisha kwamba kosa limetendeka. Na kwa kuwa makosa yaliyothibitishwa hupelekwa Idara ya Radhi, jalada likapelekwa Idara ya Radhi.

Tindwa alilisoma mara mbili. Kisha akalibeba hadi kwa mkurugenzi wake, Dakta Fumbwe, mtu mnene, mpole, mwenye shahada ya heshima aliyotunukiwa kwa kusikitika.

"Mkurugenzi, huyu mtu bado hajahitimishwa."

Dakta Fumbwe alivaa miwani. "Tarehe ishirini na moja," alisema, na uso ukamchangamka. "Unaona tulivyopiga hatua, Tindwa? Zamani radhi ilichukua miaka tisa. Familia nyingine tulikuta hakuna aliyebaki wa kuombwa. Hii yako itafika siku ileile, mwili bado una joto."

"Lakini tunajua hana kosa. Kwa nini tusizuie?"

"Sisi tuna mamlaka ya kusikitika. Mapitio wana mamlaka ya kupitia, na gereza lina mamlaka ya kunyonga. Kila mtu akianza kuzuia, nchi itakwenda wapi?"

"Tukiirudishia mahakama?"

"Mahakama imekwisha kuamua. Kuirudishia ni kuidharau." Akamrudishia jalada. "Nenda kwa mama yake ukachukue mguso wa kibinadamu. Ila usimwambie kitu. Sijui kwa nini, lakini watu wakijua mapema hawazungumzi vizuri."

*

Mama yake Lupembe aliitwa Bi. Tausi. Tindwa alimkuta barazani anachambua mchele, akamwamkia, akasema anatoka ofisi ya takwimu. Bi. Tausi akamkaribisha mkekani na kumsogezea bilauri ya maji kabla hajaiomba.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Mmoja. Yuko gerezani, lakini andika mmoja. Kila Alhamisi nampelekea chakula. Mwaka wa nne sasa."

"Ni mtu wa namna gani?"

Bi. Tausi aliacha kuchambua. "Ana masikio, baba. Hata akiwa anakula, baiskeli ya mtu ikipita inalia mnyororo, anaacha chakula anaikimbilia. Anamsimamisha mwenyewe, anatia mafuta, anarudi. Hadai hata senti. Nikimgombeza ananambia, mama, ule mlio unaniuma."

Kando yake palikuwa na kisanduku cha spana. Zilikuwa zinang'aa. Alisema huzipaka mafuta kila Jumamosi zisishike kutu, maana mwenyewe akirudi atazitaka.

Tindwa alikuwa amekaa na akina mama wengi katika kazi yake, lakini wote aliwakuta wamekwisha kulia. Hakuwa amewahi kukaa na mmoja ambaye bado anapaka spana mafuta. Aliaga bila kumaliza maji, na njia nzima alijihisi mchafu.

Alirudi ofisini, akaitoa barua moja yenye saini ya Rais, akaitazama mpaka wazo likamjia. Lilikuwa wazo zuri, na nataka msomaji alione uzuri wake kabla hatujafika mbele. Barua ile ilisema kwa kinywa cha Rais kwamba Lupembe hana hatia. Nani gerezani angethubutu kumbishia Rais? Kilichotakiwa ni mama kuwa nayo mkononi mtoto akingali hai. Barua yenye tarehe ya mbele wangeikataa pale mapokezi, makarani wa gereza walikuwa wakali kwa mambo hayo. Kwa hiyo Tindwa akapiga moyo konde, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika tarehe ya Alhamisi ile: tarehe sita.

Alimwahi Bi. Tausi anafunga chakula kitambaani. Akamwambia ukweli kwamba yeye ni karani wa radhi, kisha akamsomea.

"Hapo wanasema mwanangu hana kosa?"

"Ndiyo, mama. Rais mwenyewe."

"Na hapo wanasema amekufa leo?"

"Hilo ni la kujaza fomu tu. Usilijali."

Bi. Tausi alifikiri. "Kwa hiyo jambo moja ni kweli na moja si kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na wao wanajua lipi ni lipi?"

"Wanajua," alisema Tindwa.

*

Siku tatu zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote katika maisha ya Tindwa. Mkuu wa gereza alipoiona saini aliivulia kofia. Akaamuru Lupembe aletwe mpaka kwenye nondo za lango, mama na mwana wakashikana mikono kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Watu wakajaa. Kesho yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU ASALIMIANA NA MAMA YAKE. Tindwa alinunua nakala tatu.

Jumamosi baraza la mawaziri lilikutana kwa dharura, na jioni Mheshimiwa Kijumbe akalihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wenye nia mbaya wanaoeneza kwamba Mtukufu Rais ameomba radhi kwa jambo ambalo halijatokea. Maana yake nini? Maana yake Rais amesema uongo. Mimi nauliza, tangu nchi hii ipate uhuru, Rais amewahi kusema uongo? Hajawahi. Rais amesema fundi huyu alihitimishwa tarehe sita. Leo ni tarehe nane. Kwa hiyo aliyekosea ni gereza, ambalo limechelewa. Serikali hii haitavumilia uzembe."

Gereza halikupenda kuitwa zembe. Kulikuwa na kikwazo kimoja: Jumapili Lupembe aliamka na homa kali, na sheria ya nchi ile, ambayo ina huruma, hairuhusu kumnyonga mgonjwa. Daktari wa gereza akakesha naye, akamtundikia dripu, akamkanda kwa kitambaa cha maji na kumlisha uji kwa kijiko. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Lupembe alimshukuru daktari kwa machozi. Saa nne ya Jumatatu, tarehe kumi, akiwa mzima wa afya, alinyongwa.

Nasema alinyongwa. Neno lile jingine limenishinda.

Cheti cha kifo kiliandikwa tarehe sita. Mkuu wa gereza alitakiwa kujieleza kwa nini alimlisha maiti uji.

Tindwa alipata habari kwa simu ya kawaida ya idara, ile inayolia wakati barua inapotakiwa. Aliurudisha mkono wa simu mahali pake. Alihesabu kwa vidole kutoka kumi hadi ishirini na moja, kisha akahesabu tena. Siku kumi na moja. Hakuna jaji wala polisi aliyempunguzia Lupembe siku zile. Ni yeye, kwa kalamu yake, kwa wema wake.

Dakta Fumbwe alimkinga asichunguzwe kwa kuandika kwamba ilikuwa hitilafu ya kalenda. Hakupenda idara ichafuke. Waziri naye akatoa kanuni mpya: kuanzia siku ile, asinyongwe mtu yeyote mpaka barua yake ya radhi iwe imekamilika, jina na tarehe, kwa mkono wa karani aliyethibitishwa. Na kwa kuwa hakuna ajuaye mapema ni nani hana kosa, kila mfungwa aandikiwe yake. Magazeti yalisifu kwamba utu umeingia gerezani.

*

Tindwa hakuwa mtu wa hasira. Hata nje ya posta, alipoandika barua za matusi, aliyapunguza makali. Lakini hili hakuweza kulipunguza makali. Baada ya wiki mbili alichukua barua nyingine yenye saini ya Rais, akajaza jina: Mheshimiwa Kijumbe, Waziri wa Haki. Akajaza tarehe ya siku ileile. Kwenye mguso wa kibinadamu akaandika: "Marehemu alikuwa msemaji mzuri na alipenda sana makofi." Akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa waziri na kumkabidhi mkewe, aliyesaini kitabu cha kupokelea bila kusoma.

Mke alipoisoma alimpigia simu mkuu wa gereza kuuliza maiti iko wapi. Mkuu wa gereza alikuwa amekwisha kuonywa mara moja kwa kuchelewa. Hakuuliza maswali. Alipanda gari na askari wake.

Walimkuta Mheshimiwa Kijumbe ofisini, na Tindwa, aliyekuwa amejisimamisha kwenye korido na majalada mkononi, aliyasikia yote. Hajawahi kusikia mtu akieleza jambo lile vizuri namna ile. Waziri, ameshikilia ukingo wa meza, alisema karatasi si mtu. Akasema saini inaweza kuwa sahihi na maneno yakawa ya uongo. Akasema serikali inaendeshwa na binadamu, na binadamu hukosea hata wakiwa na joho na mhuri. Alisema ana watoto, na ana mama mzee ambaye hatastahimili. Aliuliza nchi itapata faida gani kwa kumuua, kama kuna aliyekufa atakayefufuka.

"Na mkishaninyonga," alisema sauti ikimkatika, "halafu mkagundua mmekosea, mtanirudisha kwa njia gani?"

"Kwa barua, Mheshimiwa," alijibu mkuu wa gereza kwa adabu. "Unayo tayari."

Bunge lilikutana jioni hiyohiyo. Kwa kauli moja liligundua kwamba uhai ni kitu adimu, kwamba kosa la kuua halisahihishiki, na kwamba ni hatari kuipa dola uwezo huo. Sheria ikarekebishwa papo hapo: kuanzia ngazi ya naibu waziri kwenda juu, barua ya Rais inaweza kusahihishwa kwa kalamu. Kwa wananchi wengine, utaratibu uendelee. Kisha wakapiga makofi, na waziri akayainamia kwa shukrani.

Mwandiko wa Tindwa ulijulikana nchi nzima, kwa hiyo kumpata hakukuwa kazi. Alikiri. Kesi yake ilichukua dakika kumi na tano, zikiwemo za jaji kutafuta miwani. Alihukumiwa kunyongwa kwa kumfanya Rais aseme uongo.

*

Jumatano Dakta Fumbwe alikwenda kumwona, amebeba bahasha ya kaki.

"Tuna tatizo dogo, Tindwa. Makarani wote wameomba uhamisho, wanaogopa kalamu. Aliyethibitishwa umebaki wewe tu, na bila barua hatuwezi kuendelea." Akaipitisha kwenye nondo ile karatasi yenye saini, na kalamu. "Sote tunaupenda mtindo wako. Itakuwa heshima ukijiandikia mwenyewe. Mkuu wa gereza anapendekeza Ijumaa ya wiki ijayo, lakini hatukuharakishi."

Kwa mazoea Tindwa alianza. Aliandika jina lake. Mahali pa jina la familia alikwama, kwa kuwa mama yake alikufa zamani na mke hakuwahi kuoa. Mistari mitano ya mguso wa kibinadamu aliiacha wazi, maana hakuna jambo lililomjia.

Alhamisi askari alimwita kwenye nondo. Alikuwapo Bi. Tausi, na kitambaa cha chakula mkononi.

"Miguu imezoea," alisema, kama anayeomba msamaha. "Siku ikifika nakuta nimeshapika." Akafungua kitambaa. "Kula, baba. Wali huu wa nazi, ukipoa hauna maana."

Tindwa hakugusa chakula. Hata hukumu ya kunyongwa haikumtisha kama alivyomtisha mama huyu sasa.

"Mama, ile tarehe niliiandika mimi. Si Rais wala gereza. Wao walipanga ishirini na moja. Nilidhani namwokoa."

Bi. Tausi alihesabu kwa vidole. Askari aliyekuwa karibu akageuza uso ukutani.

"Kutoka kumi mpaka ishirini na moja," alisema Bi. Tausi. "Hapo katikati pana Alhamisi mbili."

"Ndiyo, mama."

"Ningemwona mara mbili."

"Ndiyo."

Alilia, kimya kimya, akijifuta kwa ncha ya kanga. Alipomaliza kulia alimtazama usoni.

"Siwezi kukwambia si kitu. Ni kitu. Nitakufa nacho," alisema. "Lakini nikuulize wewe uliyesoma. Wakikunyonga, Alhamisi zangu watanirudishia?"

"Hapana, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi wanakunyongea nani?"

Tindwa aliuvuta wali karibu. Akanawa, akala, kwa kuwa alitazamwa mpaka akala. Bi. Tausi aliiona ile karatasi kwenye sakafu, na japo hakujua kusoma, saini ile hakuwa ameisahau.

"Hiyo ni yako?"

"Yangu. Wanangoja niimalize. Bila kukamilika hawawezi kufanya lolote, ndiyo kanuni."

"Umebakiza nini?"

"Mguso wa kibinadamu. Jina la familia. Tarehe."

Bi. Tausi alikusanya sahani, akafunga kitambaa mafundo mawili, akainuka kwa kujishika magoti.

"Jina la familia andika langu," alisema. "Tarehe usiandike."

Askari akatangaza muda umekwisha. Bi. Tausi akamwambia atakuja Alhamisi ijayo, na akamuuliza kama anapenda mchuzi wa nazi au wa kukaanga.